Ushahidi wa Tope: Maziwa Yanavyohifadhi Historia ya Sumu za Viwandani

Makala ya juma hili yanahusu kitu ambacho mvuvi hukiosha miguuni mwake kila jioni bila kukifikiria: tope la ziwa. Ni kitu duni machoni pa watu. Hata hivyo, katika muda wa nusu karne iliyopita tope hilo limegeuka kuwa shahidi anayesikilizwa katika mabishano makubwa kuhusu sumu za viwandani: ni nani aliyezitia hewani na majini, na tangu lini.

Mabishano ya namna hiyo huwa magumu kuyaamua. Viwanda hufungwa, daftari hupotea, wafanyakazi wa zamani hufariki. Mara nyingi kemikali yenyewe ilimwagwa miaka mingi kabla ya kuwapo chombo cha kuipima, au hata kabla ya mtu yeyote kushuku kwamba ina madhara. Nani alipima maji ya mto mwaka 1930 ili kutafuta sumu ambayo haikuwa na jina? Hakuna. Lakini ziwa lilikuwapo, na kila kilichoingia ndani yake kilituama.

Kila mwaka mito huleta udongo ziwani, upepo huleta vumbi na chavua ya maua, na viumbe vidogo vya majini hufa na kuzama. Vitu hivyo hutua chini, tabaka juu ya tabaka. La chini ni la zamani, la juu ni la juzi na jana. Wanasayansi huyaita mashapo. Katika maziwa mengi yenye kina kirefu, mashapo ya mwaka mmoja hayazidi unene wa milimita chache. Kemikali nyingi za viwandani, hasa zile zisizoyeyuka vyema majini, hung'ang'ania chembe za udongo na mabaki ya viumbe, zikazama nazo na kuzikwa nazo.

Kuyasoma matabaka hayo kunahitaji uvumilivu zaidi kuliko mitambo. Bomba pana huteremshwa kutoka katika mashua hadi chini ya ziwa, likadidimia ndani ya tope, kisha likapandishwa taratibu. Ndani yake hutoka nguzo ya tope ambayo matabaka yake hayajavurugwa. Nguzo hiyo hukatwa vipande vyembamba, kwa kawaida vya sentimita moja au nusu yake, mithili ya mtu akataye mkate. Kila kipande hupelekwa maabara kikiwa peke yake.

Swali la kwanza huko maabara ni la umri: kipande hiki ni cha mwaka gani? Jibu hutolewa na saa ambayo maumbile yenyewe yameitia katika tope. Katika miamba na udongo wa dunia yote mna kiasi kidogo cha madini ya urani. Urani huoza polepole, na katika kuoza kwake huzaa gesi iitwayo radoni, ambayo hupanda hewani. Huko nayo hugeuka, na baada ya hatua kadhaa huwa aina ya risasi yenye mionzi, inayojulikana kama risasi-210. Risasi hiyo hushuka pamoja na mvua na vumbi, mwaka baada ya mwaka, juu ya kila ziwa.

Ikishazikwa katika tope, risasi-210 hupungua kwa kadiri isiyobadilika: kila baada ya miaka 22 hivi, nusu yake huwa imekwisha. Kwa kupima kiasi kilichobaki katika kila kipande, mtaalamu huhesabu umri wake. Baada ya miaka mia moja na zaidi kidogo, kinachobaki huwa ni kidogo mno hata kisiweze kupimwa. Saa hiyo, basi, hutufikisha takriban mwanzoni mwa enzi ya viwanda vikubwa vya kemikali, nayo ndiyo enzi inayotafutwa.

Saa moja haitoshi, kwa hiyo hutafutwa alama nyingine za kuithibitisha. Majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliyofanywa hewani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalitawanya duniani kote kitu chenye mionzi kiitwacho siziamu-137. Kiwango chake kilifika kileleni mwaka 1963, mwaka ambao Marekani, Urusi ya Kisovieti na Uingereza zilitia saini mjini Moscow mkataba wa kuyakomesha majaribio ya hewani. Alama ya kilele hicho huonekana katika mashapo ya maziwa mengi. Amerika Kaskazini ipo pia alama ya mmea: chavua ya gugu liitwalo ambrosia, ambalo lilienea pale walowezi kutoka Ulaya walipofyeka misitu ili kulima. Tabaka ambamo chavua hiyo inaongezeka ghafla huonyesha kipindi ambacho misitu ya eneo hilo ilikatwa.

Thamani ya ushahidi huu ilidhihirika katika kisa cha kemikali ziitwazo dayoksini. Hizi ni jamii ya kemikali zenye klorini ambazo hakuna kiwanda kinachozitengeneza ili kuziuza. Huzaliwa bila kukusudiwa wakati wa kutengeneza baadhi ya dawa za kuua magugu, na pia katika moto. Baadhi yake ni sumu kali hata kwa kiasi kidogo mno. Zilijulikana kwa watu wengi baada ya Vita vya Vietnam, ambako zilikuwamo katika dawa ya kupukutisha majani iliyonyunyizwa misituni, na tena mwezi Julai mwaka 1976, ajali ya kiwanda ilipozimwaga katika mji wa Seveso, kaskazini mwa Italia.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970, dayoksini zilikutwa katika samaki wa mto unaopita karibu na viwanda vya kampuni ya Dow Chemical huko Midland, katika jimbo la Michigan nchini Marekani. Wataalamu wa kampuni hiyo walitoa hoja nzito, wakaichapisha mwaka 1980 katika jarida la Science. Walisema dayoksini huzaliwa na moto wenyewe: katika matanuri, katika injini za magari, katika majiko ya kuni, hata katika sigara. Kwa maneno mengine, huenda kemikali hizo zimekuwa pamoja na binadamu tangu alipojifunza kuwasha moto.

Hoja hiyo haikuwa ya wataalamu peke yao. Ikiwa dayoksini ni za kale sawa na moto, basi hapana kiwanda kinachoweza kulaumiwa peke yake, hapana sheria inayoweza kuzikomesha, na mvuvi aambiwaye asile samaki wake hana wa kumdai. Ikiwa ni za juzi, mambo ni mengine kabisa. Swali likabaki moja: zilianza lini?

Ronald Hites, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Indiana, pamoja na mwanafunzi wake Jean Czuczwa, walikwenda kulitafuta jibu mahali ambapo pasingetarajiwa kuwa na uchafu wowote. Katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, ambayo si haya ya Afrika tuliyoyazoea kwa jina hilo, kubwa kuliko yote ni Ziwa Superior, lililo mpakani mwa Marekani na Kanada. Ndani ya ziwa hilo kipo kisiwa kiitwacho Isle Royale. Ni hifadhi ya taifa isiyo na barabara za magari, isiyo na viwanda, na inayofungwa kwa wageni wakati wa majira ya baridi. Na ndani ya kisiwa hicho limo ziwa jingine, Ziwa Siskiwit.

Uzuri wa Siskiwit kwa kazi hiyo ulikuwa katika mahali lilipo. Uso wake uko takriban mita 17 juu ya uso wa Ziwa Superior, kwa hiyo maji ya ziwa hilo kubwa, pamoja na uchafu wa miji iliyo kandokando yake, hayawezi kupanda na kuingia. Hakuna mto unaoleta maji machafu ya kiwanda. Kemikali yoyote ya viwandani ikikutwa katika tope la Siskiwit, njia iliyopitia ni moja tu, nayo ni hewa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1984. Dayoksini zilikuwamo, katika ziwa ambalo halina hata bomba moja la moshi karibu nalo. Lakini hazikuwa katika kila tabaka kwa kiasi kilekile. Katika matabaka ya kabla ya mwaka 1940 hivi zilikuwa haba mno. Kuanzia hapo zikaongezeka kwa haraka.

Mwaka huo wa 1940 ndio uliokata shauri. Moto wa kuni ni wa tangu na tangu. Makaa ya mawe nayo yalikuwa yakichomwa kwa wingi sana nchini Marekani tangu miaka ya 1920 na kabla yake. Kama kuni na makaa vingekuwa asili ya dayoksini hizo, tope la miaka ya 1920 lingekuwa limejaa. Halikuwa. Jambo lililobadilika katika miaka ya 1940 lilikuwa kukua kwa viwanda vya kemikali zenye klorini: plastiki za aina mpya, dawa za wadudu na magugu, na bidhaa nyingine ambazo baada ya kutumika zilitupwa na kuchomwa pamoja na takataka za mijini. Kampuni haikukosea kusema kwamba moto huzaa dayoksini. Kosa lilikuwa katika kuchukulia kwamba moto wote ni mamoja, na kwamba kinachochomwa hakina neno.

Tope la Siskiwit lilikuwa na ushahidi mwingine, na huu ulikuwa wa faraja. Hites alirudi huko na mwenzake mwingine, na mwaka 2000 wakachapisha vipimo vipya. Kiasi cha dayoksini kilichokuwa kikitua ziwani kila mwaka kilikuwa kimefika kileleni katika miaka ya 1970, kisha kikapungua kwa takriban nusu. Hicho ni kipindi kilichofuata sheria ya hewa safi ya Marekani ya mwaka 1970, ambapo moshi wa viwanda na wa matanuri ya takataka ulianza kudhibitiwa. Watu waliopigania sheria hizo hawakuambulia picha ya ushindi wao katika magazeti, lakini ushindi huo unaonekana katika sentimita chache za tope.

Umbo hilo la kupanda na kushuka limerudiwa mahali pengi. Kemikali za PCB, zilizotumika hasa katika transfoma za umeme, zilianza kutengenezwa kwa biashara nchini Marekani mwaka 1929, na uzalishaji wake ukakoma huko mwaka 1977. Dawa ya DDT ilipigwa marufuku katika kilimo cha nchi hiyo mwaka 1972. Katika mashapo ya Maziwa Makuu ya Amerika zote mbili huonekana zikipanda baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na kushuka baada ya kuzuiwa. Hazikushuka hadi sifuri, kwa sababu kemikali hizo haziozi upesi, na kilichokwisha kutawanywa huendelea kuzunguka baina ya udongo, maji na hewa.

Risasi ina historia ndefu zaidi. Mtafiti wa Sweden, Ingemar Renberg, na wenzake walionyesha mwaka 1994 kwamba mashapo ya maziwa ya nchi hiyo yana risasi iliyopeperushwa hewani tangu zaidi ya miaka 2000 iliyopita, enzi ambazo Wagiriki na Warumi walikuwa wakiyeyusha madini mbali sana kusini mwa Ulaya. Hata hivyo, hakuna kipindi kilichoacha alama nzito kama karne ya 20, karne ya petroli yenye risasi. Petroli hiyo ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1923. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa ajili ya magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021.

Wakati mwingine tope halitaji mwaka tu, bali hutaja na mlango. Mwaka 1974 samaki wa Ziwa Ontario walikutwa na Mirex, dawa iliyokuwa ikitumika mbali sana kutoka hapo, kusini mwa Marekani, kuulia siafu wakali wa mashambani. Imefikaje kaskazini? Mashapo ya chini ya ziwa yalipochukuliwa sehemu nyingi na kupimwa, ramani ilijichora yenyewe: sumu ilikuwa nzito kuelekea midomo ya mito miwili, Niagara na Oswego, na kandokando ya mito hiyo vilikuwapo viwanda vilivyoitengeneza au kuitumia. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Za sumu huweza kuwa arobaini za miaka, lakini nazo hufika.

Ushahidi huu una mipaka yake, na wataalamu ndio wa kwanza kuitaja. Minyoo na viumbe wengine wa chini ya ziwa huchimbachimba na kuchanganya matabaka ya miaka kadhaa. Dhoruba na maporomoko ya udongo huweza kuyapindua. Ndiyo maana nguzo moja ya tope haiaminiwi peke yake, saa ya risasi hulinganishwa na alama ya siziamu, na maziwa yanayopendelewa ni yale yenye kina ambamo hakuna oksijeni chini, hivyo hakuna wa kuchimba.

Njia hizihizi zimetumika pia katika Ziwa Victoria, ambalo mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili huishi kando yake au hulikumbuka kutoka ng'ambo. Kwa muda mrefu kutoweka kwa samaki wadogo wa asili, wale furu wa aina mamia, kulielezwa kwa jina moja tu: sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na kuongezeka mno katika miaka ya 1980. Mwaka 2002 kundi la watafiti lililoongozwa na Dirk Verschuren wa Ubelgiji lilichapisha habari iliyosomwa katika mashapo. Mimea midogo ya majini ilianza kuongezeka kupita kawaida tangu miaka ya 1930, sambamba na kuongezeka kwa watu na kilimo katika nchi zinazolizunguka ziwa. Kupungua kwa oksijeni katika vina kulianza mwanzoni mwa miaka ya 1960, yaani miaka ishirini kabla ya sangara kutamalaki. Sangara hakuachiwa huru kwa ushahidi huo, lakini ilibainika kwamba ziwa lilikuwa limekwisha kuugua, na kwamba dawa yake haimo katika nyavu za wavuvi peke yao. Imo pia mashambani, mijini na katika mifereji ya maji machafu.

Wazee husema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Katika maziwa, yaliyopita huweza kuwa ndwele hasa. Ziwa Onondaga, katika jimbo la New York, ni mahali patakatifu kwa watu wa asili wa taifa la Onondaga. Kuanzia mwaka 1946 hadi 1970 viwanda vilivyokuwa ufukweni vilimwaga humo zebaki kwa wingi, na mwaka 1970 uvuvi ukapigwa marufuku. Kumwaga kulikoma, lakini zebaki ilibaki katika tope, ikipanda polepole kwa vijidudu, kisha kwa samaki. Kati ya mwaka 2012 na 2014 mashine zilichota tope la sehemu za ziwa hilo, na sehemu nyingine zikafunikwa kwa mchanga na kokoto. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka arobaini baada ya bomba kufungwa.

Kwa hiyo tope ni shahidi, na papo hapo ni ghala. Linapoachwa litulie huzika sumu chini ya matabaka safi. Linapochimbuliwa kwa ajili ya bandari au na dhoruba, huweza kuirudisha majini. Uamuzi wa kuchimba au kuacha hauwezi kufanywa vizuri bila kwanza kujua ni nini kimezikwa, kina gani, na tangu lini.

Kazi ya kukusanya haijasimama. Mwaka 2005 Hites na mwenzake walionyesha kwamba kemikali za kuzuia moto, zilizotiwa katika magodoro, viti na vyombo vya umeme, zilikuwa zikiongezeka katika mashapo ya Ziwa Michigan na Ziwa Erie. Miaka minne baadaye, mwaka 2009, baadhi yake ziliingizwa katika Mkataba wa Stockholm, ambao unazuia sumu zisizooza upesi na ambao ulikuwa umeanza kutumika mwaka 2004. Siku hizi wanaopima matabaka ya juu hukuta pia chembechembe za plastiki, na zile kemikali zenye florini zinazotumika katika vikaango visivyoshika chakula na katika nguo zisizopenya maji.

Mwaka 2023 kundi la wanasayansi wa miamba lilipendekeza tope la ziwa dogo la Crawford, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, liwe alama rasmi ya kuanza kwa enzi mpya ya dunia, enzi ya binadamu. Ziwa hilo lina kina cha takriban mita 24, na matabaka yake huhesabika mwaka kwa mwaka kama miduara ya mti. Humo yanaonekana mabaki ya mabomu ya nyuklia na masizi ya viwanda ya katikati ya karne ya 20. Mwezi Machi mwaka 2024 pendekezo hilo lilikataliwa kwa kura katika jumuiya ya wanajiolojia. Wengi waliolikataa hawakupinga kwamba binadamu ameibadili dunia. Ubishi ulikuwa juu ya mahali pa kupiga mstari, hasa kwa kuwa mabadiliko hayo yalianza zamani zaidi.

Huko Isle Royale, samaki wa Ziwa Siskiwit walipopimwa katika miaka ya 1980 walikutwa na toksafeni, dawa iliyokuwa ikinyunyizwa katika mashamba ya pamba ya kusini mwa Marekani, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapo. Mkulima aliyeinyunyiza pengine hakupata kulisikia hata jina la ziwa hilo. Matumizi mengi ya dawa hiyo yalifutwa mwaka 1982, na kila mwaka tangu hapo tope jipya limetua juu ya lile la zamani, likiandika yale ambayo watu wa mbali wameyaruhusu na yale waliyoyakataza.